Kupanga likizo ya wingifoili Paje: angalia mwezi kwanza, upepo uje baadae

Wengi wakitaka kwenda kucheza wingifoili Zanzibar swali la kwanza wanauliza "upepo upo mwezi gani?", na jibu lake ni jepesi, upepo upo sehemu kubwa ya mwaka ukiondoa vipindi viwili ambavyo ntavitaja huko mbele. Swali ambalo watu hawaulizi, na ndo linaloamua kama likizo yako itakuwa ya kucheza au ya kukaa chini ya mnazi unaangalia maji yakiwa mbali kule kwenye mwamba, ni hili: maji yatajaa saa ngapi? Na hilo linaamuliwa na mwezi wa angani.

Kwa ambaye ndo kwanza anausikia huu mchezo, wingifoili ni hivi. Unasimama kwenye bodi, chini ya bodi kuna mlingoti unaoshuka majini, na kwenye ncha ya mlingoti kuna kama kindege kidogo chenye bawa la mbele na kibawa cha nyuma, hiyo ndo foili yenyewe. Mikononi umeshika bawa kubwa la kitambaa ambalo umelijaza upepo kwa pampu, halijafungwa popote zaidi ya kamba moja ya kiunoni au mkononi ili lisikukimbie. Ukishika kasi foili inainyanyua bodi yote juu ya maji, kelele zinakatika, unateleza tu. Ni mchezo mchanga, umeshika kasi hasa kuanzia 2019 hivi, na kwa pwani yetu nadhani ndo mchezo wa upepo unaotufaa kuliko yote kwa sababu hauhitaji upepo mkali.

Sasa tatizo ni huo mlingoti. Una urefu wa sentimita 70 mpaka 85 kwa kawaida, na foili imekaa chini yake. Wa kaiti, yaani anayevutwa kwenye bodi na tiara kubwa la kamba ndefu, anacheza kwenye maji ya magotini bila shida, wewe kwenye maji ya magotini unachimba mchanga. Na Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, jina lake limejengwa na kaiti, maji mafupi, mchanga mweupe, mwamba kule nje unaozuia mawimbi, kwa hiyo karibu ushauri wote utakaousoma kuhusu Paje umeandikwa kwa ajili ya watu wa kaiti. Wakisema "hata maji yakipwa unacheza" wanasema kweli, ila ni kweli yao. Wewe unataka maji ya kiunoni kwenda juu, na kama ndo unajifunza unataka ya kifuani, maana utaanguka sana na hutaki kuangukia chini.

Tuje kwenye maji yenyewe. Pwani ya Unguja maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inakaribia mita 4. Hapo asubuhi saa nne unaweza kutembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba, halafu saa kumi jioni pale pale uliposimama maji yanakufunika kichwa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inashuka sana, maji yanajaa asubuhi saa nne saa tano hivi, jioni yanapungua lakini hayaendi mbali.

Watu wa pwani hili wanalijua tangu utotoni, kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha. Kinachotakiwa kwako ni kuunganisha na saa za upepo. Fuatilia hapa maana ndo moyo wa safari yote: maji mafu yakiisha, kila siku muda wa kujaa unasogea, kutoka saa tano, unaenda saa sita, saa saba, saa nane, saa tisa, mpaka unafika bamvua ya saa kumi. Hizo siku za katikati ndo dhahabu. Maji yanajaa mchana, upepo upo mchana, jua lipo, mwalimu yupo, na unapata saa nne mpaka tano za maji ya kutosha bila kukimbizana. Kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu ni kuanzia kama tarehe 9 mpaka 15, na tena 23 mpaka mwezi unapoandama. Wiki inayofuata bamvua ni kinyume, maji yanajaa alfajiri na magharibi, katikati ya siku hakuna kitu, kama umechukua likizo ya siku saba na zote zimeangukia hapo basi utaumia roho.

Mfano wa kweli. Agosti 2026 mwezi mpevu ni tarehe 28. Kwa hiyo mimi ningemwambia mtu afike tarehe 20 au 21 aondoke 28 au 29, na hata akipewa nyumba kwa bei ya chini kuanzia tarehe 30 asikubali. Ukishapata tarehe zako ingia kwenye jedwali la maji la Zanzibar, yapo ya bure mtandaoni na kwenye apu za upepo, hakikisha siku kwa siku, usitegemee hesabu ya kichwa peke yake.

Upepo

Kuna misimu miwili. Kusi inaanza kujitokeza baada ya masika, Juni, Julai na Agosti ndo imekomaa, Septemba inalegea. Kaskazi inakuja Desemba katikati hivi mpaka Februari, Machi mwanzoni. Katikati yao ni maleleji, upepo haujui unatoka wapi, Aprili na Mei kuna mvua za masika juu yake na Novemba kuna vuli, hivyo ndo vipindi viwili nilivyosema. Kama likizo yako ya kazini ni Aprili tu basi nenda Zanzibar ukapumzike, ule pweza, lakini usipange safari kwa ajili ya wingifoili.

Kusi mara nyingi inakuwa noti 15 mpaka 20, yaani kama kilomita 28 mpaka 37 kwa saa, na inaweza kuanza kuvuma asubuhi. Kaskazi ni pole kidogo, noti 12 mpaka 18, na inapenda kuamka mchana. Paje inaangalia mashariki kwa hiyo pepo zote mbili zinakuja kwa ubavu zikielekea kidogo nchi kavu, maana yake ukichoka au bawa likipasuka upepo unakurudisha ufukweni. Hili ni jambo kubwa sana na ndo sababu mi sikubaliani kabisa na watu wanaosema "nenda Kendwa, kule maji hayapwi sana". Kweli Kendwa, kule kaskazini ya Unguja, maji yana kina muda wote na ni pazuri kuogelea, lakini inaangalia magharibi, Kusi pale inatoka nchi kavu kwenda baharini, ikikuchukua inakupeleka upande wa bara na hakuna wa kukuona. Anayejifunza asiende huko na bawa.

Joto la maji Agosti ni nyuzi 25 au 26, Februari linafika 29 na zaidi. Kaskazi unaingia na bukta na fulana ya mikono mirefu ya kuzuia jua, Kusi chukua kifulana kidogo cha mpira maana ukiloa na upepo ukavuma saa mbili mfululizo baridi inakuingia hata kama ni Zanzibar.

Ukichagua Kaskazi angalia pia Ramadhani, 2026 na 2027 inaangukia Februari mpaka Machi. Mahoteli yanafanya kazi na unacheza kama kawaida, ila kula na kunywa mchana hadharani kijijini hapana, chupa yako ya maji inywee ndani ya eneo la shule au hotelini. Na waalimu wengi wamefunga, mtu amekaa juani tangu asubuhi bila tone la maji anakushikia bodi, mpe nafasi ya kupumzika na usidai masomo yasogee mpaka magharibi, huo ni muda wa futari.

Ubebe vifaa au ukodi?

Kama ndo unaanza, kodi. Kabisa. Vifaa vya kujifunzia ni vikubwa na vya bei, na baada ya mwezi mmoja wa mazoezi unavihitaji vidogo zaidi, utakuwa umenunua kitu cha kupita. Hesabu ya kuanzia ni uzito wako kwa kilo ujumlishe 30 mpaka 40, hizo ndo lita za bodi, kwa hiyo mtu wa kilo 75 anaomba bodi ya lita 105 mpaka 115. Foili ya mbele iwe kubwa, sentimita za mraba 1,700 na kuendelea, inanyanyuka mapema na inatulia. Mlingoti omba mfupi, sentimita 60 au 70, hapo Paje utakuongezea muda wa kucheza kila siku kwa sababu unaweza kuingia maji yakiwa bado yanapanda. Bawa kwa mtu wa huo uzito ni mita 5 za mraba kwa siku nyingi za Kusi, mita 6 kwa Kaskazi ya pole, na mita 4 siku zikichafuka.

Mwenye vifaa vyake anayetoka Ulaya au Ghuba, uliza shirika la ndege kwa maandishi kabla hujakata tiketi, mengi yanagoma begi moja kuzidi kilo 32 na chaji ya vifaa vya michezo inatofautiana sana. Ukiunganisha ndege mbili za makampuni tofauti masharti ya ile ndogo ndo yatakayokubana, hasa vile vindege vya Dar kwenda Unguja, bodi ndefu inaweza kuachwa hapo hapo. Njia ninayoipenda ni kubeba foili na mabawa tu, bodi ukakodi, maana bodi ndo inayokula nafasi yote.

Na ukiwa na foili yako tafadhali itunze, chumvi ya huku haina huruma. Kila jioni fungua skurubu zote, usiseme ntafungua siku ya kuondoka, siku ya kuondoka zitakuwa zimeshikana na mlingoti wa aluminiamu na hata ukining'inia kwenye spana hazitoki. Suuza kwa maji baridi kwenye ndoo moja, si kwa mpira unaotiririka nusu saa, maji ya bomba pande za kusini si ya kumwaga hovyo. Futa mchanga kwenye matundu ya skurubu kwa mswaki wa zamani, paka grisi kidogo, ndo urudishe. Bawa usiliache limejazwa juani saa saba mchana, hewa inatanuka mshono unaachia. Punguza upepo ulaze kivulini.

Mashamba ya mwani

Hapa naomba usome taratibu. Maji yakipwa Paje, Jambiani na Bwejuu utaona vigingi vimesimama mistari mistari na kamba zimefungwa kati yake, zimening'inia mwani. Hayo ni mashamba ya watu. Kilimo hiki kilianza kama biashara hapa pwani ya mashariki mwaka 1989, na wanaokifanya wengi ni akina mama, wanaingia majini wakati wa bamvua maji yakiwa yametoka, wamejifunga kanga mbili wameinama saa kadhaa wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba kwa vikamba vidogo. Halafu maji yanajaa, vigingi vinazama, huvioni tena, na wewe unakuja na foili iliyo kali kama panga sentimita 70 chini ya maji.

Ukipita juu ya kamba moja ni mambo mawili, wewe unasimama ghafla na kurushwa mbele, na yule mama amepoteza kazi ya wiki kadhaa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabla hujagusa bodi shuka ufukweni maji yakiwa yametoka, tembea, vaa viatu vya mpira kwa sababu kuna wale wanyama weusi wa baharini wenye miiba mirefu na kuna mawe, na jichoree kichwani mashamba yameanzia wapi yameishia wapi. Chagua alama nchi kavu, mnazi ulioinama, paa jekundu, ukuta wa hoteli, useme "nikiwa usawa wa hapa nageuza". Muulize mwalimu pia, mashamba yanahama. Ukikutana na akina mama wasalimie vizuri, shikamooni, waulize mpaka wao uko wapi, watakuonyesha kwa furaha kabisa. Na ikitokea umekata kamba nenda ukaseme na ulipe, usiondoke kimya.

Ukiwa majini

Paje ina kaiti nyingi hasa Januari na Agosti. Kamba za kaiti ni mita 20 na kitu na huzioni vizuri ukiwa umeangalia bawa lako, kwa hiyo usipite karibu na mtu wa kaiti upande ambao upepo unaelekea, na kama unajifunza mwombe mwalimu akupeleke pembeni mwa kijiji, mbali na umati. Helmeti vaa hata kama wazoefu hawavai. Wanaoumia kwenye mchezo huu wengi ni kwa kuangukia foili au bodi kuwarudia, na hospitali kubwa iko mjini, ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Ukiona unaanguka, tupa bawa upande mmoja wewe angukia upande mwingine, mbali na bodi, usijaribu kuiokoa.

Nje ya mwamba usiende mpaka uwe unaweza kugeuza pande zote bila kuanguka, na hata ukiweza usiende maji yanapotoka. Maji yote ya ndani yanatafuta mlango kwenye mwamba ili yatoke, mkondo pale unavuta kweli kweli na upepo ukikata wakati huo huo huna cha kukurudisha. Maji yakiwa yanaingia angalau mkondo uko upande wako.

Kwa anayeanza kabisa panga siku saba, usipange tatu. Siku ya kwanza ni bawa tu mchangani na kwenye bodi kubwa isiyo na foili, siku ya pili na ya tatu unapiga magoti unasimama unaanguka, kunyanyuka juu ya maji kwa wengi kunakuja katikati ya wiki. Na mwili unachoka, mabega na mapaja, lazima kuwe na siku ya mapumziko ndani yake. Siku hiyo iache ijiweke yenyewe pale upepo unapokosekana, usiipange kwenye tarehe.

Kufika na hela

Kutoka Dar boti ya kasi ni kama saa mbili, kitambulisho mkononi. Kutoka bandarini Malindi, pale mjini Unguja, au uwanja wa ndege mpaka Paje ni kama kilomita 50, teksi ndo usafiri wa wenye mizigo, daladala zipo na ni rahisi sana lakini begi la bodi litakuwa ugomvi. Wageni wa kutoka nje ya nchi kuanzia 1 Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Zanzibar, ilitangazwa kwa dola 44 na inalipwa mtandaoni, hakikisha kiwango kinachokuhusu kabla ya kusafiri. Hiyo isikufanye uache bima yako ya kawaida, na kwenye bima yako soma kama michezo ya majini imo. Nyumba za kulala Agosti na siku za mwaka mpya zinapanda bei na kujaa, kwa hiyo ukishajua tarehe za mwezi buku mapema, wengine hawajui hesabu hii utawawahi.

Walio Kenya si lazima wavuke. Galu na Diani kuna upepo ule ule wa Kaskazi na Kusi, mwamba pia upo na maji yanapwa, hesabu ya mwezi ni ile ile. Unashuka na treni ya SGR mpaka Mombasa, unavuka feri ya Likoni, unaendelea kusini kwa barabara, umefika. Kilifi nako kuna mkono wa bahari wenye kina, maji yakipwa bado unacheza, ila upepo ndani unakatwa katwa na vilima.

Kabla ya kutuma hela ya shule yoyote waandikie meseji moja uwaulize hivi: mna bodi ya lita ngapi kubwa kuliko zote, mna mlingoti mfupi, mwalimu wa wingifoili ni wa wingifoili kweli au ni wa kaiti anayejaribu, boti ya uokoaji ipo na inakuwa na mafuta, saa za somo mnazipanga kwa saa ya ukutani au kwa maji, na siku ikikosa upepo hela inahamia siku nyingine au imeenda. Hilo la maji ndo la kuangalia zaidi. Akikujibu "somo ni saa tatu asubuhi kila siku" endelea kutafuta, akikujibu "nitumie tarehe zako nikupangie kwa maji" mtumie.